Tuwahesabu Watoto, Tusihesabu Sare Tu

Somo kwa wazee wa usharika, wainjilisti na walimu wa watoto



Katika sharika nyingi iko kazi ya kuwasaidia watoto. Mahali pengine wazee hukusanya fedha za sare za yatima. Mahali pengine akina mama hupika uji wa watoto wa chekechea. Pengine liko fungu la madaftari na la matibabu. Kazi hizi ni njema, na kila atoaye anastahili shukrani. Lakini liko swali moja ambalo mara nyingi haliulizwi, nalo ni hili: Je, mtoto mwenyewe amepata nini? Somo la mwezi huu lahusu swali hilo, na njia ya kulijibu kwa kweli.

1. Haki si sadaka

Watu wengine wakisikia maneno "haki za mtoto" hudhani kwamba ni jambo geni, lililoletwa ili watoto wasiwatii wazazi wao. Sivyo. Haki ya mtoto ni lile limpasalo kupata kwa sababu ni mtu, tena ni mdogo asiyeweza kujitafutia: jina, chakula, matunzo, mafundisho, kinga asitendewe ukatili, na kusikilizwa neno lake.

Mwaka wa 1924 Shirikisho la Mataifa lilikubali Tamko la Geneva juu ya haki za mtoto. Maneno yake yalitungwa na bibi Mwingereza, Eglantyne Jebb, ambaye tangu mwaka wa 1919 alikuwa akifanya kazi ya kuwalisha watoto wa Ulaya walioumizwa na njaa baada ya vita. Tamko lile lilikuwa na mambo 5 tu, nalo lilikuwa jema. Lakini halikuweka mtu wa kuuliza kama linatimizwa. Tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulikubali Mkataba wa Haki za Mtoto, na Tanzania ikauridhia mwaka wa 1991. Mkataba huu una jambo ambalo tamko lile halikuwa nalo. Kila nchi iliyoukubali yatakiwa kupeleka taarifa mbele ya kamati, kwanza baada ya miaka 2, kisha kila baada ya miaka 5, kueleza yaliyotendeka na yaliyozuia. Yaani, haki imefungwa pamoja na hesabu yake. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka wa 2009 iliziingiza haki hizo katika sheria za Tanzania Bara, na Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka wa 2011.

Basi tuangalie tofauti ya sadaka na haki. Atoaye sadaka aweza kuridhika akiisha kutoa. Bali mwenye deni la haki hana ruhusa kuridhika mpaka mwenye haki ameipata. Kwa sababu hiyo, anayewasaidia watoto kama sadaka huhesabu vitu alivyotoa. Naye anayewasaidia kama haki yao, huhesabu watoto.

2. Kufuatilia na kupima

Kazi ya kuhesabu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kufuatilia, ndiyo kuangalia kazi ingali ikiendelea, wiki kwa wiki na mwezi kwa mwezi: Je, uji umepikwa? Je, watoto wale wale wamekuja? Nani hakuja, na kwa nini? Ya pili ni kupima, ambayo siku hizi huitwa tathmini, ndiyo kuketi baada ya kipindi fulani na kuuliza: Mambo yamebadilika au hayakubadilika? Kama yamebadilika, ni kwa sababu ya kazi yetu, au yangebadilika hata bila sisi?

Mkulima huzifahamu sehemu hizi mbili bila kufundishwa. Hupita shambani kuangalia magugu na wadudu, hapo anafuatilia. Siku ya mavuno hulinganisha magunia na mbegu alizopanda na mvua iliyonyesha, hapo anapima. Asiyepita shambani atakuta mahindi yamekwisha kuliwa. Naye asiyepima mavuno atapanda mbegu ile ile mbovu mwaka ujao.

Tena yafaa tuzijue ngazi nne. Ya kwanza ni vile tulivyotoa, kama fedha na nguo. Ya pili ni lile tulilotenda, kama kugawa na kufundisha. Ya tatu ni kile kilichomfikia mtoto. Ya nne ni lile lililobadilika katika maisha yake. Taarifa nyingi hukoma katika ngazi ya pili, nazo husomwa mbele ya watu na kupigiwa makofi. Lakini mtoto anaishi katika ngazi ya nne.

3. Mfano wa sare 40

Tutoe mfano, nao ni mfano tu, si habari ya usharika fulani. Tuseme usharika umewapa sare yatima 40 mwezi wa Januari. Taarifa yasema: "Watoto 40 wamesaidiwa." Mwezi wa Oktoba mzee mmoja anatumwa shuleni na majumbani kuuliza habari zao. Anakuta watoto 29 wapo shuleni kila siku. Wengine 6 huja siku nyingine na kukosa siku nyingine. Na 5 wameacha kabisa.

Huyu mzee asipokuwa na subira atasema, "Wengi wamefaulu," na kurudi nyumbani. Lakini tuseme anaendelea kuuliza. Katika wale 6, watatu hukosa siku ya gulio, kwa maana hutumwa kuuza ndizi ili nyumbani wapate chumvi na mafuta. Wawili hutoka asubuhi bila kula, na shule iko mbali. Mmoja ana homa za mara kwa mara, wala hajapelekwa zahanati. Katika wale 5 walioacha, wawili wamehamia kwa ndugu zao mjini. Wawili ni wasichana waliopelekwa kuwa watumishi katika nyumba za watu, na sare zao zimevaliwa na wadogo zao. Mmoja ni mvulana mwenye ulemavu wa miguu. Sare anayo, safi kabisa, imekunjwa sandukuni, kwa sababu hakuna wa kumvusha mto.

Twaona nini? Katika hao 11, hakuna hata mmoja ambaye alizuiwa na kukosa nguo. Mmoja alihitaji dawa, mwingine mtu wa kumvusha, wengine chakula cha asubuhi. Na wasichana wawili walihitaji mtu wa kusema nao waliowachukua. Usharika ulitoa kitu kimoja kwa wote, lakini mzigo wa kila mtoto ulikuwa mbali na wa mwenzake.

Tena tuendelee mbele. Je, wale 29 wanakwenda shule kwa sababu ya sare? Hilo hatuwezi kulijua kwa kuwatazama wao peke yao. Tuseme katika kijiji kile wako yatima wengine 10 ambao hawakupewa sare, na 7 kati yao wako shuleni kila siku. Basi 7 katika 10 ni karibu sawa na 29 katika 40. Hapo yatupasa kuuliza kama fedha ile ingewafaa watoto zaidi kwa njia nyingine. Lakini tusikate shauri haraka, maana hesabu ni ndogo, tena labda wale 40 walichaguliwa kwa kuwa walikuwa maskini kupita wale 10, na bila sare wangalikuwa shuleni wachache zaidi. Ndiyo sababu hali ya kila mtoto huandikwa kabla ya kuanza msaada. Asiyejua mahali alipoanzia hawezi kujua amefika wapi.

Na bado yuko mtoto mmoja ambaye hayumo katika 40 wala katika 10, kwa sababu bibi yake haji kanisani, wala hakuna aliyemtaja kwa mzee. Kila orodha ina mtoto wa namna hii nje yake. Mwenye kupima vema huuliza kwanza habari zake.

4. Mambo yaliyoonekana katika nchi

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la sharika ndogo tu. Tazameni habari ya shule za msingi za Tanzania. Mwaka wa 2000 waliandikishwa yapata watoto milioni 4.4. Ada ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto walifurika, hata mwaka wa 2007 walikuwa wamepita milioni 8. Hili lilikuwa jambo kubwa, na milango iliyofunguliwa ilikuwa ya kweli. Lakini lililohesabiwa lilikuwa kuingia mlangoni. Mwaka wa 2010 watu wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na hadithi fupi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la 2, wakawaomba watoto waisome. Walikuta kwamba hata katika waliomaliza shule ya msingi, mmoja katika kila watano hakuweza kuisoma. Alikuwa amehesabiwa kila mwaka kwa miaka 7, wala haki yake ya kufundishwa haikumfikia.

Baadaye likaulizwa swali la pili: Je, fedha zikiongezwa, watoto watajifunza zaidi? Mwaka wa 2013 na wa 2014 jambo hili lilijaribiwa katika shule 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika nyingine walimu waliahidiwa zawadi kwa kadiri ya watoto waliofaulu mtihani. Nyingine zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu, ili ziwe za kulinganishia. Fedha peke yake zilinunua vitabu na vifaa, lakini maarifa ya watoto hayakuongezeka kuliko katika shule zisizopata kitu. Vyote viwili vilipokwenda pamoja, maarifa yaliongezeka wazi. Kama wasingeweka shule za kulinganishia, mtu angaliona vitabu vipya na kusema kazi imefaulu.

Mfano mwingine ni cheti cha kuzaliwa. Mkataba wa mwaka wa 1989 wasema kwamba mtoto aandikishwe mara azaliwapo, kwa maana asiye na cheti ni vigumu kuthibitisha umri wake, na mtu akitaka kumwoza au kumtumikisha aweza kusema ni mtu mzima. Katika uchunguzi wa afya wa nchi wa mwaka wa 2015 na 2016, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, waliokuwa wameandikishwa ni 26, na waliokuwa na cheti ni 14 tu. Angalieni hizo hesabu mbili. Mwenye ofisi akihesabu majina kitabuni atasema 26. Mama akiulizwa nyumbani aonyeshe karatasi, ni 14. Tangu mwaka wa 2013, kuanzia Mbeya, wakala wa serikali uitwao RITA umekuwa ukiipeleka kazi hii karibu na wazazi, katika vituo vya tiba na ofisi za kata, na kumpa mtoto wa chini ya miaka 5 cheti bila ada. Mabadiliko hayo yalifuata kipimo: ilijulikana kwamba safari ya mbali na malipo ndiyo yaliyowazuia watu.

5. Kumwuliza mtoto bila kumdhuru

Wahenga walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Mtoto ndiye alalaye katika kitanda cha msaada wetu. Mkataba, katika kifungu cha 12, wampa haki ya kusema maoni yake katika mambo yamhusuyo, nayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri wake na akili yake. Wengi wetu tulilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na heshima ile ni njema. Lakini kumwuliza mtoto na kungoja jibu lake hakuvunji heshima.

Yako mambo ambayo hayajulikani mpaka mtoto ameulizwa. Mwaka wa 2009 ulifanywa uchunguzi katika Tanzania nzima, na habari zake zikatolewa mwaka wa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na yapata mvulana 1 katika kila 7, walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakuwa wameandikwa katika kitabu cha ofisi yo yote.

Lakini maswali ya namna hii ni kama kisu. Hutibu mkononi mwa mganga na kujeruhi mkononi mwa mtu mwingine. Katika uchunguzi ule wanawake waliulizwa na wanawake, kila mtu peke yake, mahali pa siri. Tena wasichana waliulizwa katika maeneo mengine, na wavulana katika maeneo mengine, ili aliyedhulumu na aliyedhulumiwa wasije wakaulizwa katika kijiji kimoja. Sisi katika usharika hatuna ujuzi huo, wala tusijaribu kuwapeleleza watoto juu ya mambo ya aibu. Tuwaulize mambo ya kawaida: unakula nini kabla ya shule, njiani unaogopa nini, nani hukusaidia, ungependa nini kibadilike. Tusiwasimamishe mbele ya kanisa kueleza shida zao, wala kuwapiga picha ili wafadhili waone. Tusiahidi tusichoweza kutoa. Majina na habari zao ziandikwe katika daftari lifungwalo kwa ufunguo.

Na ikiwa mtoto mwenyewe, bila kuulizwa, anasema kwamba anadhulumiwa, mzee asiahidi kuifanya siri ile kuwa siri ya milele, wala asiite jamaa mbili kupatana kwa mbuzi na fedha. Sheria ya mwaka wa 2009 yamtaka kila mtu mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa kuipeleka kwa wenye mamlaka ya mahali. Amweleze mtoto kwa upole kwamba atatafuta msaada. Kisha amwendee afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au apige simu ya mtoto, namba 116.

6. Namna ya kuanza

Labda mtu atasema, "Kazi hii yataka wataalamu na fedha." Kwa miradi mikubwa ni kweli. Lakini usharika waweza kuanza na daftari moja na watu wawili waaminifu. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na mtoto ni zaidi ya mali.

Kwanza, kabla ya kugawa kitu, andikeni kusudi kwa maneno yaonekanayo. Msiandike "kuinua hali ya yatima", andikeni "kila mtoto wa orodha hii awe shuleni siku zote za shule, naye aweze kusoma ifikapo Desemba."

Pili, andikeni hali ya kila mtoto siku ya kwanza: umri, ni msichana au mvulana, anaishi na nani, ana cheti au hana, anakwenda shule au haendi, anasoma au hasomi, ana ulemavu au hana.

Tatu, chagueni alama chache za kuangalia, tatu au nne, si ishirini. Alama nyingi huchosha, na mtu aliyechoka hujaza daftari akiwa ameketi chini ya mwembe bila kwenda po pote.

Nne, kila mwezi mtu mmoja aende kuona kwa macho yake. Asiwe yule yule agawaye msaada, kwa maana ni vigumu mtu kuona upungufu wa kazi ya mikono yake, tena mlezi huogopa kumwambia mtoaji neno baya asije akanyimwa.

Tano, wagawanyeni watoto katika hesabu: wasichana mbali, wavulana mbali, wenye ulemavu mbali, wa karibu na wa mbali. Hesabu moja ya wote huficha mengi.

Sita, mara mbili kwa mwaka ketini mkabadilishe lile lisilofaa. Daftari lisilobadilisha neno lo lote ni kazi ya bure.

7. Taarifa isiyo na upungufu

Liko jaribu moja kubwa katika kazi hii. Mtoaji hupenda habari njema, na mpokeaji huogopa kukosa fedha za mwaka ujao. Hivyo wote wawili hukubaliana kimya kwamba mambo ni mazuri. Anayelipa ni mtoto.

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma habari ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku, nao walikuwa wale wa lugha ya Kiyunani. Hakuna aliyesema kwamba chakula hakikutolewa. Kilitolewa kila siku. Lakini watu fulani walirukwa, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakujibu kwa kutaja wingi wa chakula kilichogawiwa. Waliyapokea maneno yale kama habari ya kweli, wakabadilisha utaratibu, wakachaguliwa watu 7 wa kuisimamia kazi. Kanisa lililokuwa changa halikuaibika kusema kwamba huduma yake ilikuwa na upungufu.

Basi taarifa iandikwe hivi: "Watoto 29 wako shuleni kila siku. Watoto 6 hukosa siku nyingine, na sababu tumeziona. Watoto 5 wameacha. Wawili tumewatafuta, wawili tunawafuatilia kwa afisa ustawi, mmoja anahitaji mtu wa kumvusha mto." Taarifa hii haitapigiwa makofi. Lakini ikisomwa, mtu mmoja katika mabenchi ya nyuma, ambaye hupita njia ile kila asubuhi, aweza kusimama na kusema, "Mimi nitamvusha."

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kazi ya usharika wetu, ni mambo gani tumezoea kuhesabu? Je, ni vitu, au ni watoto?
2. Ni mtoto gani wa mtaa wetu ambaye hayumo katika orodha yo yote? Kwa nini hayumo?
3. Katika kitabu cha ubatizo tunayo majina ya watoto wa chini ya miaka 5. Ni wangapi kati yao wana cheti cha kuzaliwa? Nani atakwenda kuuliza?
4. Mtoto wa mtaa wetu akitaka kusema kwamba msaada wetu haumfai, atamwambia nani bila kuogopa?
5. Taarifa yetu ya mwaka uliopita ilitaja upungufu gani? Kama haikutaja hata mmoja, tufanyeje?